Sauti Mbili za Mto Uliolala

Ugomvi wa watu waliozaliwa tumbo moja ni kama moshi wa jikoni: huwatoa watu machozi, huwafukuza wageni, lakini wenye nyumba hawahami kwa sababu yake. Mpita njia akiuona hudhani nyumba inaungua. Hukimbilia ndoo, akamwaga maji, na mwisho wa yote yeye ndiye anayelaumiwa kwa kulowesha unga. Jambo hili dogo, ambalo hata mtoto aliyewahi kunyang'anyana blanketi na nduguye analijua, halikuwahi kumwingia akilini mtu mmoja aliyejaliwa akili kupita kiasi. Watu walimwita Bwana Ramani.

Bwana Ramani alikuwa mpanga vita wa Mji wa Juu. Alizaliwa peke yake, akalelewa peke yake, na utotoni alicheza kwa kushindana na mkono wake wa kushoto. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, kiti kimoja na meza pana iliyojaa mchanga mbichi, ambao aliufinyanga ukawa vilima, mabonde na kuta. Kokoto nyeupe zilikuwa askari wake, na nyeusi zilikuwa askari wa Mji wa Chini. Katikati ya meza alikuwa amelaza kipande kirefu cha kioo. Hicho kilikuwa mto.

Na kweli mto ule ulifanana na kioo, kwa kuwa ulikuwa umelala. Katika nchi ile mto ulilala kila mwaka baada ya mavuno, kama mtu aliyeshiba. Maji yalitulia, yakaganda bila baridi, yakawa magumu kiasi cha kubeba mkokoteni wa mawe. Chini yake samaki walionekana wamening'inia vivyo hivyo, midomo wazi, kana kwamba kila mmoja alikatizwa katikati ya neno. Msimu wa kupanda ulipokaribia, mto uliamshwa kwa wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa wa beti tatu, nao ulihitaji sauti mbili za ndugu wa tumbo moja, mmoja kila ukingo: mmoja aanzishe, mwenzake aitikie. Kwa ubeti wa kwanza mto ulijigeuza ubavu. Kwa ubeti wa pili ulifumbua macho. Kwa ubeti wa tatu uliamka ukaenda zake. Ila kulikuwa na sharti moja. Macho ya mto yakishafumbuka, sauti haikupaswa kukatika, kwa maana mto ukikosa sauti hukurupuka, na mto uliokurupuka hauchagui wa kumzoa.

Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo mmoja tu, na huko ndiko Bwana Ramani alikooa. Mkewe alikuwa na ndugu wawili wa kiume ambao kila mtu aliwaita Mkubwa na Mdogo. Yeye mwenyewe hakujaliwa sauti. Siku moja utotoni alipojaribu kuimba, mto, kwa mujibu wa ndugu zake, ulijifunika vizuri zaidi ukaendelea kulala fofofo. Alicheka pamoja nao, akashika jembe, akawa mkulima.

Mama yao alipokuwa hai, yeye ndiye aliyemnyooshea kidole mwanzishaji, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule, na hakuna aliyebisha. Alipofariki, kidole kile kikazikwa naye. Mkubwa akasema kuanzisha ni haki yake kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuliona jua. Mdogo akasema wimbo haujui umri, unajua koo. Wakakwaruzana, wakanuniana, wakagombea hata kigoda cha marehemu. Labda mambo yangekwisha kwa wiki mbili. Lakini kila mmoja wao, kwa wakati wake, alimwendea shemeji yake kumtolea dukuduku lake.

Ah, utamu ulioje! Mtu ambaye hakuwahi kuwa na ndugu, leo anao wawili, na kila mmoja anamnong'oneza. Kwa Mkubwa alisema, "Shemeji, haki ni yako. Huyo mdogo wako anakuona gogo tu." Kwa Mdogo alisema, "Shemeji, kaka yako anakuonea wivu. Unajua anasemaje? Eti sauti yako ni bawaba isiyotiwa mafuta." Mkubwa hakuwahi kusema hivyo. Lilikuwa neno la Bwana Ramani mwenyewe, na alipolitamka alijiona fundi wa maneno.

Mdogo alifunga virago, akavuka mto ungali umelala, akahamia Mji wa Chini. Miaka kumi na mmoja ikapita bila wimbo. Mifereji ikapasuka kwa ukavu, visima vikawa vya foleni, Mji wa Juu ukaulaumu Mji wa Chini na wa Chini ukaulaumu wa Juu. Penye kiu maneno huwa makali. Yalianza matusi visimani, yakafuata mawe, kisha mikuki. Mdogo akafanywa jemadari wa Chini, kwa kuwa hakuna aliyeamrisha kwa sauti akasikika kama yeye. Mkubwa akapewa ulinzi wa ukingo wa Juu.

Watu walimwuliza mke wa Bwana Ramani yuko upande gani. Yeye alikuwa shambani siku zote, akichimba matuta na mitaro kutoka kwenye mfereji usio na tone.

"Unamchimbia nani?" jirani mmoja alimwuliza kwa dhihaka.

"Nawachimbia ndugu zangu."

"Kwani wamekufa?"

"Wamenuna," alijibu, akaendelea kuchimba.

Mchana wa siku iliyotangulia vita kuu, Bwana Ramani alikuwa ameinamia meza yake wakati binti yake alipoingia. Alikuwa mtoto wao wa pekee, kiongozi wa mikuki mia tatu, na tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Hata vitani, askari wake walisema, alikuwa akisimulia habari huku akikinga mapigo.

"Baba, mimi umeniweka wapi? Usiniambie umeniweka nyuma tena, maana mara ya mwisho nililinda magunia siku tatu, na magunia hayakutoroka hata moja."

Bwana Ramani akacheka. Alimpenda binti huyu kuliko akili zake zote. Akachukua kokoto nyeupe, akaiweka juu ya kioo, karibu na ukingo wa Mji wa Chini. "Hapa."

Chiriku akaiinamia kokoto ile. "Juu ya mto?"

"Juu ya mto. Alfajiri kuna ukungu. Mtalala kifudifudi chini ya mashuka meupe, na hata ndege hatawaona. Mjomba wako Mkubwa nitamsimamisha kwenye jabali, mahali pa wazi. Mjomba wako Mdogo akimwona, hasira itampofusha. Ataleta jeshi lake lote ukingoni na kuuacha mgongo wazi. Nikipiga ngoma mara tatu, mnainuka, mnapanda ukingo pembeni yao, mnawapiga kwa nyuma, vita vimekwisha kabla ya chai."

"Na mto ukiamka?"

"Nani auamshe?" Bwana Ramani alitabasamu kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. "Hao watu wawili hawajaamkiana miaka kumi na mmoja. Mwanangu, kuta hubomoka na milango hufunguka, lakini chuki ya wale wawili ndiyo ngome imara kuliko zote katika nchi hii. Wewe utalala juu yake kama mtoto kitandani."

Jioni mkewe alirudi kutoka shambani, akanawa miguu mlangoni kwa maji ya kikombe kimoja, akauliza, "Baba Chiriku, kesho mtoto atakuwa wapi?"

"Mahali salama kuliko pote."

Mkewe akamtazama. Alikuwa na macho ya mtu anayejua kutofautisha mche na gugu. "Na kaka zangu?"

"Hao nimewapangia."

"Ungewaacha," alisema taratibu. "Miaka yote hii nakwambia, mimi hayo mambo yao siyagusi. Wale wamenyonya ziwa moja. Anayesimama katikati yao atajikuta peke yake."

Bwana Ramani alimbusu kwenye paji la uso, akaenda zake. Alikuwa na kazi moja iliyobaki. Alimkuta Mkubwa akinoa mkuki uliokwisha kunoleka, akaona uso wake una mawazo kupita kiasi. Uso ule ulimtia wasiwasi. Jeshi linaweza kupigana likiwa na njaa, lakini mpango wake usingeweza kusimama iwapo Mkubwa angekuwa na huzuni badala ya hasira.

"Kesho nitamwona," Mkubwa alisema bila kuinua kichwa. "Sijui hata kama ameota mvi."

"Shemeji, sikutaka kukwambia," alisema Bwana Ramani, akiketi karibu. "Lakini huyo unayemwazia anatangaza kule Chini kwamba marehemu mama alikufa kwa kuchoshwa na sauti yako."

Mkubwa aliacha kunoa. "Amesema hivyo? Juu ya mama?"

"Kwa kinywa chake."

Bwana Ramani alirudi nyumbani na kulala usingizi mtamu.

Siku ya vita ilipambazuka kama ndoto ya mtu mwingine. Ukungu ulikuwa umeshuka mzito, mweupe, wa kushikika, ukafuta miti na kuta hata vilima vikaonekana vinaelea. Sauti zilisafiri vibaya: kikohozi cha askari wa ng'ambo kilisikika sikioni, na mtu aliyekuwa karibu alionekana kupayuka bila sauti. Chini ya miguu ya majeshi, mto ulilala kutoka ukingo hadi ukingo, na ndani yake samaki wale wale walining'inia, midomo wazi, wakingoja neno limalizike. Mbali kidogo, kulikuwa na kitu kama theluji juu ya kioo. Kilikuwa mashuka mia tatu, na chini ya shuka moja alilala Chiriku, amejiziba mdomo kwa kiganja.

Bwana Ramani alisimama kilimani, ngoma ikiwa mbele yake. Aliona kila kitu kama alivyokipanga mezani. Pale mto ulipobanwa na majabali, mahali ambapo mtu angeweza kurusha chungwa likadakwa ng'ambo, Mkubwa alijitokeza peke yake. Naam, kama alivyotabiri, ukungu wa ng'ambo ukapasuka, Mdogo akatoka, na nyuma yake jeshi lote likasogea mpaka ukingoni, wapiga mishale mbele.

Ndugu wawili wakatazamana. Majeshi mawili yakabana pumzi.

"Umezeeka!" Mdogo alipaza sauti.

"Na wewe umenenepa!" Mkubwa alijibu. "Huko Chini wanakulisha nini?"

Baadhi ya askari wakacheka, wakakumbuka walipo, wakanyamaza. Kisha hasira ikafika, kama Bwana Ramani alivyoiandalia njia.

"Nimesikia uliyosema juu ya mama!" Mkubwa alinguruma.

"Mama usimtaje kwa kinywa hicho!"

"Kinywa hiki ndicho alichokifundisha kuimba!"

"Kufundishwa si kujua!"

"Sijui? Mimi sijui?" Na Mkubwa, akiwa amefura kwa ghadhabu, akaweka mkuki chini, akafungua kinywa, akaanzisha.

Kilimani, Bwana Ramani hakushtuka. Mtu mmoja akiimba ni kelele tu. Akashika kirungu cha ngoma. Lakini sauti ile ilipanda, nzito, yenye mikwaruzo ya uzee, ikapita juu ya maji magumu, ikamfikia Mdogo ng'ambo. Na wimbo usioitikiwa humkaa mwimbaji kooni kama chafya iliyokwama. Mdogo aliuma midomo. Alitazama juu, akatazama chini. Mstari wa kwanza ukampita, wa pili ukampita. Wa tatu ulikuwa ule ambao mama yao alizoea kuufumbia macho kila alipouimba. Machozi yakamlengalenga jemadari mbele ya jeshi lake, na kabla hajajua anafanya nini, aliitikia.

Mto ukajigeuza ubavu.

Hakuna aliyeuona vizuri. Ulikuwa mtikisiko tu, kama mtu anayevuta shuka usingizini. Lakini Bwana Ramani aliuhisi kwenye nyayo zake. Kirungu kikamwanguka. Akili yake, ile iliyosifiwa na miji miwili, ilimpa kila hesabu papo hapo: akipiga ngoma, mikuki itainuka kushambulia, mishale itaishusha, na watakaopona watakuwa bado juu ya maji wimbo ukiisha. Asipopiga, watabaki wamelala. Ngome yake yote ilikuwa imejengwa juu ya jambo moja, na jambo hilo sasa lilikuwa linaimba.

Akakimbia. Aliteremka kilima akianguka na kuinuka, ukungu ukimwingia kinywani, na mbele yake sauti mbili zikisokotana, mwanzo na kiitikio, nzuri kiasi kwamba askari walianza kuegemea mikuki yao na kusikiliza kama watoto. Alipofika kwenye jabali, ubeti wa pili ulikuwa umefika silabi yake ya mwisho. Chini ya kioo, samaki mmoja akafumba mdomo.

"Msimalize!" alilia. "Msinyamaze na msimalize! Chiriku yuko juu ya mto! Yeye na watu mia tatu, chini ya mashuka!"

Mkubwa alimtazama, akiwa ameishikilia silabi ile ya mwisho kama mtu aliyeshika kamba yenye mzigo. Hakuweza kuzungumza. Ng'ambo, Mdogo alivuta pumzi.

"Shemeji, huo ni mpango wako mwingine?" aliuliza. "Tusimame kama kuku, halafu utuchinje?"

"Wallahi ni kweli!"

"Ulisema kweli lini?"

Hapo pumzi ya Mkubwa ikaanza kuisha. Bwana Ramani aliona mishipa ya shingo yake. Mdogo naye akaiona, na bila kuambiwa na mtu akaidaka silabi ile ile, akaishikilia yeye, ili kaka yake apumue. Ndivyo walivyozoea kufanya walipokuwa wadogo, mto ukiwa mzito wa kuamka. Miaka kumi na mmoja haikuwa imewasahaulisha.

"Mimi niliambiwa na wewe jana tu," Mkubwa alisema akihema, "kwamba amemtukana mama."

Bwana Ramani alipiga magoti. Majeshi mawili yalikuwa yanamtazama. Heshima yake yote, miaka yake yote mbele ya ile meza, ilikuwa mkononi mwake, na kule kwenye kioo kilichoanza kutetemeka alikuwa mwanawe. Hakupima. "Nilidanganya!" alipaza sauti mpaka ikapasuka. "Hajamtukana mama! Ni mimi! Na wewe, Mdogo, kaka yako hakusema sauti yako ni bawaba! Ni mimi niliyesema! Kila mmoja wenu nilimwambia haki ni yake! Niueni baadaye, lakini mtoto wangu yuko pale!"

Mkubwa akaidaka sauti. Ikawa zamu ya Mdogo kuzungumza.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Kwa ajili ya bawaba."

Akadaka sauti. Mkubwa akasema, "Mdogo wangu, sijawahi kulisema. Nilikuwa nakuonea wivu, hiyo ni kweli, lakini sijawahi."

Akadaka sauti. Mdogo akageuka, machozi yakimtiririka, akawakemea watu wake, "Wapiga mishale, shusheni pinde! Atakayerusha hata kijiti atanijibu mimi! Nyoosheni mikono, wapokeeni! Chiriku! Simama, mama, usiogope, ni mjomba wako!"

Juu ya mto shuka moja likainuka, kisha jingine, kisha yote. Watu mia tatu walisimama kutoka katika weupe ule kama wafu walioghairi. Waliiweka mikuki chini, kwa maana hakuna anayekimbia vizuri juu ya maji yanayotetemeka akiwa na mkuki, wakaanza kutembea kwenda kwa adui zao. Na adui zao wakawanyooshea mikono, wakawavuta ukingoni mmoja mmoja, wengine wakiomba radhi kwa kuwakanyaga. Ndugu wawili walipokezana pumzi. Huyu akiishiwa, yule alikuwa tayari. Yule akiyumba, huyu alikuwa tayari. Sauti ilikuwa moja, nyembamba, ndefu, isiyo na mwanzo tena wala mwisho, na ulimwengu wote ulionekana kuning'inia kwenye uzi huo.

Chiriku alikuwa wa mwisho. Askari wake mmoja alikufa ganzi mguu, naye akawa anamkokota, hatua kwa hatua, huku nyufa zikitambaa chini ya nyayo zake kama mizizi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema neno. Bwana Ramani, ng'ambo ya pili, hakuweza kumfikia wala kumsaidia. Alihesabu hatua zake. Ishirini. Kumi na mbili. Tano. Mkono wa mpiga mishale mmoja ukamshika kwapani, ukamvuta.

Ndugu wawili wakatazamana, na wakaingia ubeti wa tatu pamoja, bila mwanzishaji wala mwitikiaji.

Mto ukaamka. Haukukurupuka, ulijinyoosha, ukapiga mwayo mrefu wa mawimbi, ukakumbuka njia yake. Samaki wakamaliza walilokuwa wakilisema, wakaenda. Maji yakaingia mifereji ya pande zote mbili kwa kelele ya watu wanaorudi nyumbani, na askari wa Juu na wa Chini, waliokuja kuuana kwa ajili ya kiu, wakajikuta wamepiga magoti wakinywa. Hakuna aliyetangaza amani. Watu waliona aibu tu kuokota silaha huku nguo zao zikichuruzika maji.

Alasiri ile nyumba ya Bwana Ramani ilijaa. Mkubwa na Mdogo walikuwa wameketi kwenye mkeka mmoja, wakilinganisha maneno. "Na lile la gogo?" Mdogo aliuliza. "Lile nalo aliniambia wewe umelisema!" "Mimi!" Wakacheka mpaka wakakohoa. Bwana Ramani alisimama mlangoni na kusikia kila neno lake likitolewa, likigeuzwa, likichekwa. Hawakumpiga wala kumfukuza. Walimsogezea kiti, wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba kiti kile hakina mtu. Moyo ulimuuma kuliko ambavyo kipigo kingemuuma.

Chiriku ndiye aliyenyanyuka, akaja mpaka mbele yake. "Baba, ulijua mto unaweza kuamka?"

"Nilijua hawawezi kupatana."

"Kwa hiyo uliyaweka maisha yangu juu ya ugomvi wa wajomba zangu," alisema, "na kila ugomvi ulipopoa, ukaupasha moto."

Tangu siku hiyo binti aliyeitwa Chiriku hakumsemesha tena baba yake. Alimwamkia asubuhi kama mtu anavyomwamkia jirani, na basi. Kimya hicho kilikaa katika nyumba ile wiki baada ya wiki, huku nje mitaro ya Mama Chiriku ikimeremeta maji na matuta yake, yaliyochekwa miaka kumi na mmoja, yakiwa ndiyo pekee yaliyokuwa tayari kupokea mbegu. Mboga zake ziliwahi kuliko za watu wote. Pande zote mbili za mto walimjia na makapu, naye hakumrudisha mtu.

Kisha, kama ilivyokuwa lazima, wale ndugu wakagombana tena. Safari hii ilikuwa juu ya kigoda cha marehemu mama, kwamba kikae kwa nani. Walisimama uani wakifokeana, mishipa imewatoka, majirani wakichungulia. Mkubwa akageuka. "Shemeji, hebu sema wewe! Nani mwenye haki hapa?"

Bwana Ramani alihisi utamu ule wa zamani ukimpanda ulimini. Maneno mawili yalikuwa tayari, moja la huyu na moja la yule, na yote yalikuwa mazuri. Alimwona Chiriku amesimama kwenye kizingiti, akimtazama.

"Mimi nina magugu," alisema. Akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akaenda shambani.

Alikuwa hajalima maishani mwake. Alilima vibaya, akiwa amejikunja mgongo, jasho likimwingia machoni, na kabla hajafika tuta la tatu alisikia kule uani kicheko, cha Mkubwa kwanza, kisha cha Mdogo. Hakugeuka kutazama. Nyayo zilikuja nyuma yake, zikasimama kwenye tuta la pili, na mtu akaweka kapu chini.

"Baba," Chiriku alisema, "hayo unayoyang'oa si magugu. Hizo ni mboga za mama. Na ukishika jembe namna hiyo utajikata kidole, halafu tukutafutie na dawa, na huko ndani wajomba wameshapatana, wanataka chakula, na mimi peke yangu siwezi kuchuma tuta zima, hivyo sogea nikuonyeshe..."

Akaendelea kusema, na kusema, na baba yake alilima akilia kwa furaha, asitamani hata neno moja limpite. Hapo, kati ya tuta na tuta, mtu mwenye akili nyingi alielewa kile ambacho meza yake ya mchanga haikuwahi kumfundisha: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune.